Safu ya Tatu

Nilikuwa karani wa kumbukumbu bungeni, Kampala,
miaka ishirini na miwili.
Kazi yangu kusikia.
Spika akisema, "Wanaoafiki waseme ndiyo,"
ukumbi ulinguruma kama lori la saruji mlimani,
nami niliandika neno moja: limepita.
Ndani ya mngurumo ule, nani atakuambia
sauti ya Thembo Kabuyaya ilikuwa ipi?

Ni wa kwetu, Katwe, kwenye ziwa la chumvi.
Mara ya kwanza watu walipanga mlolongo nyuma yake,
uwanja wa shule, jua la saa saba.
Mama alikuwamo, miguu imechanika kwa magadi.
Wakahesabiwa kama mbuzi wa mnadani.
Akashindwa kwa watu kumi na wanane.

Mara ya pili alikuja mgombea binafsi,
alama yake saa ya ukutani. "Wakati umefika!"
Zile saa za karatasi zilibaki milangoni
mpaka mvua ikazilamba mishale.
Akashinda.
Mara ya tatu alirudi chamani, akashinda tena
bila hata kutokwa jasho.

Kura zake za bungeni nilizihesabu mwenyewe, usiku,
kwa penseli, nyuma ya kalenda ya benki.
Safu tatu: Ndiyo. Siyo. Hayupo.
Kodi ya mafuta ya taa: ndiyo.
Magari mapya ya wabunge: ndiyo, na meza akaipiga.
Hospitali ya wilaya: hayupo.
Malisho ya wafugaji: hayupo.
Mishahara ya walimu: alikuwepo, akaomba dirisha lifungwe.
Hilo nililiandika pia. Ndio mchango wake wa mwaka mzima.
Safu ya tatu ikajaa, ikateremka,
ikapinda kona ya karatasi.

Kisha Alhamisi moja, saa tatu usiku,
ukaja muswada wa chumvi:
kila kiwanja kilipiwe ada, na ziwa likodishwe
kwa kampuni moja, miaka tisini na tisa.
Mtu akapaza sauti, "Tuhesabiwe!"
Majina yakaitwa moja moja.
Mnadhimu wa chama alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Kabuyaya Thembo."

Niliinua kalamu.
Alisimama, akafunga kifungo cha koti kwenye tundu lisilo lake.
"Siyo," akasema. Kisha, kama ambaye hakusikika:
"Siyo. Mama yangu alizikwa na chumvi kwenye kucha."
Spika akasema maelezo hayaruhusiwi, yafutwe.
Nikayafuta. Ndiyo sheria.
Muswada ulipita, mia moja sabini kwa ishirini na tatu.

Chama kikamtema.
Nilikuwa nyumbani, likizoni, alipopanda jukwaa la mbao
kuomba mara ya nne.
Watu wakamuuliza: daraja lilipovunjika ulikuwa wapi?
Masika alipozikwa, ulikuwa wapi?
Masika ni mama yangu.
Hakuja. Hakutuma hata kilo ya sukari.
Akanitazama, akanijua,
akangoja.
Kalenda ilikuwa mkobani, imekunjwa mara nne.
Nikautazama mkoba.

Siku ya kura niliinama nyuma ya beseni la plastiki,
nikaweka alama yangu kwa mwingine, kijana mwenye vipaza sauti vipya.
Kabuyaya alianguka kwa kura elfu moja na mia moja.
Ada ya chumvi ilianza Julai.

Angekuwepo karani pale mkutanoni,
mwenye penseli na macho,
mimi angeniandika safu ya tatu.

Siku hizi ana duka la vyuma Mpondwe, mpakani.
Nilikwenda kununua misumari ya paa.
Alipima kilo kwenye mizani, akaitazama sindano itulie,
akaongeza misumari mitatu juu,
akaniuliza kama mvua imeanza upande wetu.