Shaka ni ya Muogeleaji

Siku ya mtihani nilivaa nyeupe tupu:
suruali, fulana, mtandio, hata raba.
Mama akanitazama kutoka jikoni:
"Unakwenda Hijja, au unakwenda bwawani?"
Boti ya Unguja ilikuwa saa moja na nusu.
Nilicheka mpaka bandarini.

Mimi mtu wa Mkoani. Kuogelea
hakuna aliyenifunza. Maji yalijaa, tukaingia,
yakapwa, tukatoka na michubuko ya chaza magotini.
Hapakuwa na kamba, hapakuwa na saa,
wala wa kusema umegeuka vibaya.

Mwalimu Foum alitufunza kutazama.
Miezi minne, safari nane, bwawa la skuli moja Mazizini.
"Msimtazame anayeongoza," alisema,
"huyo ana watu wengi wa kumtazama.
Nyinyi tazameni mikono."
Filimbi fupi fupi: vueni, sogeeni.
Filimbi ndefu: pandeni.
Kisha mkono unyooke kwa mpiga king'ora
na ubaki vivyo hivyo,
hata inzi akitua puani.

Swali la kumi na mbili liliuliza:
umeona, lakini huna hakika. Utafanyaje?
Nikakumbuka chuoni kwa Bi Zume, somo la udhu:
yakini haiondoki kwa shaka.
Nikaandika, shaka ni ya muogeleaji.
Nikapewa alama zote mbili.

Cheti kilikuja na muhuri uliopinda.
Mashindano yangu ya kwanza, mtindo wa chura, mita hamsini,
njia ya nne: Hilal, mtoto wa dada yangu Salma,
yeye yule aliyekaa kwetu Ramadhani nzima
akinishikia kitabu nikikariri kanuni,
na nikikosea neno ananirudisha mwanzo.

Alifika wa kwanza.
Mkono wa kulia ukagusa ukuta.
Wa kushoto ukaja nyuma,
kama mgeni aliyesimama mlangoni kuvua viatu.

Niliitafuta shaka. Wallahi niliitafuta,
kwenye mapovu, kwenye jua lililovunjikavunjika majini,
kwenye miwani yangu ya wiki mbili.
Sikupata hata ya kuazima.
Nikainua mkono.

Jukwaani Salma alisimama, akakaa, akasimama.
Hilal aliishika kamba, akanitazama,
si kwa hasira,
kama anayesubiri nimalizie sentensi.
Nikaandika: njia ya nne, hakugusa sawia.
Karatasi ilikuwa imelowa, ikabidi niandike mara mbili.

Usiku, kwa Salma, Kwahani,
wali ulikuwa wa nazi na samaki mzima mzima,
na kijiko kikigonga sahani
kilisikika mpaka kwa jirani.
Hilal alinisogezea ndimu. Hakusema kitu.

Nikaondoka kuswali Isha.
Nikanuia, nikainua mikono kwa takbira,
nikajikuta naichungulia:
wa kulia, wa kushoto,
sawia?

Sikuwa na hakika.
Nikaendelea na sala.