Kijiti cha Saba

Augsburg, Novemba. Ukungu umeumeza mto Lech,
na katika ukumbi uliokuwa wa pamba
kitanda cha mfumi kinafuma giza.

Uzi ni mweusi. Ndani yake nyuzi elfu tatu,
kila mmoja mwembamba kuliko unywele,
zimebanikwa pasipo hewa
hadi zikasahau namna ya kuungua.
Mtande unanyooka, mshindio unapita
juu ya mbili, chini ya mbili,
na mshazari unapanda kitambaani
kama ngazi isiyo na nyumba.

Hapo husimama Kreszenz Hafenmair.
Alianza na mashuka. Kiwanda kikafa,
akauza mikate miaka kumi na mmoja,
kisha wakamwita: tunayataka masikio yako.
Kwani uzi huu ukikatika haulii,
hunong'ona,
na mashine haijui kunong'onezwa.
"Pamba ilikuwa na adabu," husema akipangusa viganja.
"Hii inakuchoma chini chini, kama maneno ya wifi."

Kazi yangu mimi ni kuvunja.

Lakini kwanza tunalaza: tabaka nane,
gundi ingali mbichi, baridi ya friza vidoleni.
Tunafunika kwa plastiki, pampu inanyonya,
hewa inatoka mpaka mfuko unashika umbo
kama ngozi juu ya mbavu.
Kisha tanuri, usiku kucha,
nyuzi ndani ya nyuzi mia na themanini.
Asubuhi ubao unatoka mgumu, unang'aa;
ukiugonga kwa kucha unajibu kama kigae.

Nauchonga vijiti kwa msumeno wa almasi, chini ya maji.
Taya za mashine zinauma juu, zinauma chini.
Kimya.
Halafu tik.
Tik, tik, gundi inaachia hapa na pale,
uzi bado umeshika, umeshika, umeshika,
na pa!
moshi mweusi mdogo, na ufagio wa nyuzi
mahali palipokuwa na kitu kizima.

Thelathini na tano. Thelathini na nne.
Thelathini na tano tena; nikaanza kuchoka kwa furaha.
Cha saba: ishirini na saba.

"Kitupe," akasema Falko Zettler, mhandisi,
koti tayari begani. "Sita wamekubaliana,
wa saba amelewa."
Nami nikafikiria kazi ya ubao huu:
kitanda cha kupigia wagonjwa picha,
maana miale huipita kaboni kama haipo.
Mtu atalazwa hapo, kifua wazi,
aambiwe asipumue.

Kamba hukatikia pembamba. Nikapaona pembamba pake
chini ya hadubini, tabaka ya tano:
uvimbe, majirani wamepinda kuupisha,
na katikati yake fundo.
Dogo. Zuri mno. Ncha zimelazwa kwa upole.

Sikusema ni la nani. Nilimwita tu atazame.
Alivua miwani, akavaa tena.
"La mama yangu," akasema. "Alinifundisha nikiwa na miaka tisa.
Mkono ulilifunga kabla sijaamka."

Pamba husamehe fundo. Kaboni haina msamaha,
inataka ncha mbili zilale ubavu kwa ubavu, zisigusane shingo.
Alijua. Karatasi ya kanuni alikuwa ameitia sahihi.

Falko akanyamaza, akalirudisha koti kwenye msumari.
Ripoti ikaandikwa vijiti saba.

Jioni, wengine wakiosha mikono, akaniomba
nivunje kimoja zaidi. Akakaa karibu kuliko inavyoruhusiwa,
macho amefumba, kichwa kimeinama upande wa sikio zuri.
Tik. Tik tik.
Akainua kidole, sekunde moja kabla ya pa!,
na kukiacha hewani muda mrefu
hata vumbi lilipokwisha kutua
kwenye mkono wa sweta yake ya kijivu.

"Kumbe inaaga," akasema.

Kesho yake nilimkuta kitandani pake pa chuma,
vidole vya mkono wa kulia vimefungwa plasta,
viwili viwili, visipate kukumbuka.