Pa Kutokea

Huku Makadara hewa imeshiba maji,
chumvi hulowa koponi.
Ila chumba cha juu, kiyoyozi kikinguruma,
Swafiya alishika kitasa, ta!
akacheka, akalamba kidole.
Mimi sikucheka. Nilitazama skrini.

Chipu yangu ni ndogo kuliko punje ya mchele,
ya mita ya umeme, itabonyezwa na mtaa mzima.
Volti elfu mbili zitaingia bila hodi,
zitakaa muda usiotosha hata kusema "ah",
na hazisomi mchoro wangu:
zinatafuta pa kutokea.

Jana niliibana njia ya ardhi
nipate nafasi ya kumbukumbu. Ubahili.
Kwenye jaribio, pini ya kumi na saba ikawaka nyekundu.
Mlinzi yupo, mlango uko wazi,
ujia wa kumfikia mwembamba kama uzi wa kofia.

Nikakumbuka masika, Mwembe Tayari:
mtaro mpana, umezibuliwa, umeachama,
na maji yamo dukani kwa Taibali yanaeleza marobota,
kwa kuwa kutoka barazani hadi mtaroni
waliweka bomba la inchi mbili.

Nimefuta. Nimetandaza shaba upya,
pana, pete nzima kuzunguka ukingo,
matundu tele ya kushukia tabaka kwa tabaka,
mlinzi mwingine pale konani.
Kumbukumbu imepungua. Bosi atanuna.

"Sasa haitapigwa?" Swafiya anauliza.
Itapigwa, namwambia.
Itapigwa vilevile.