Kata Mbili, Umande

Daftari hili halikuwa la mapishi.
Lilikuwa la kupimia majani ya chai kule Katumba:
mistari myekundu, safu tatu, jina, kilo, makato.
Bibi Syabumi aliliokota jikoni kwa meneja
siku lilipotupwa, akageuza kila karatasi
akaandika upande uliobaki mweupe.

Kwa hiyo keki yake ya chokoleti
naisomea dirishani, na kwa nyuma watu wanapenya:
Mwaisumo, 31. Kata mbili, umande.
Tupokigwe, 19. Kata mbili, umande.
Katikati yao, kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyejifunza herufi ukubwani:
“Unga vikombe viwili vya bati, si vya wageni.
Mayai sita. Ya kuku wa kienyeji, saba.
Siagi kadiri ya ngumi ya mtoto.”

Ngumi ya mtoto yupi, hakusema.
Mama alikuwa na miaka minne mwaka huo.
Naitazama ngumi ya mwanangu Ipyana, nakata siagi.

Zamani, alituambia, mapishi hayakuandikwa.
Ulisimama nyuma ya mama yako, moshi machoni,
ukaona mkono unavyochota, nawe ukachota vivyo hivyo.
Ukikosea, mwiko wa mgongo, somo limekwisha.
Lakini keki haikuwa na mama.
Ilisemwa mara moja tu, mbiombio, kwa Kiingereza,
na mke wa meneja aliyesimama mlangoni na kitabu,
na Bibi akaibeba kichwani mpaka jioni
akirudi kwa miguu, akiinong'ona njia nzima,
darajani akapunguza mwendo
asije akaidondosha magadi mtoni.

Ndiyo maana kumeandikwa “kastashuga”.
Ndiyo maana “ovani” imefutwa, na juu yake:
“sufuria, mchanga, makaa juu na chini.
Weka mkono. Ukifika kumi, moto mdogo.
Usipofika tano, ngoja.”

Kakao yetu hulimwa Kyela, kule chini kwenye joto,
saa moja na ushee ukishuka kwa gari.
Mjomba Andongolile huianika kwenye mikeka,
mikono inamnuka siki wiki nzima.
Ila kopo nililonunua sokoni hapa Tukuyu
lina mlima wa theluji na ng'ombe aliyevaa kengele.
Sijui mjomba na ng'ombe huyu walikutana wapi.
Vijiko vitano. Nachekecha.

Sasa ute. Hapa amepiga mstari mara mbili:
“Upige peke yake. Upige mpaka
uweze kupindua bakuli juu ya kichwa chako.”
Napiga. Mvua nayo inapiga bati.
Mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena.
Napindua bakuli juu ya kichwa,
nimefumba macho.
Halidondoki.

“Changanya kama unayemfunika aliyelala.
Hewa ndiyo keki. Ukiipoteza umepika tofali.”

Hewa.
Nawafikiria wale wa upande wa pili,
kikapu kimelowa tangu alfajiri,
na karani anaondoa kilo mbili za maji
ambayo mgongo umeshayafikisha mizanini.
Na huku, kwenye karatasi hiyo hiyo,
mwanamke anaandika namna ya kukifanya kitu kiwe chepesi.
Sijui kama alicheka.
Tupokigwe, 19, alikuwa dada yake.

Dakika thelathini, sikuvumilia. Nimefunua.
Ilikuwa imepanda, kweli ilikuwa imepanda,
kisha ikabonyea katikati mbele ya macho yangu
kama godoro la mgeni aliyeondoka jana.
Ipyana anauliza kama imekufa.

Pambizoni kuna mwandiko wa Mama, wima, wa haraka:
“1984. Siagi hakuna madukani. Nimetia mawese.
Nyekundu kidogo. Tumekula.”

Natafuta kalamu. Chini yake naandika:
“Tukuyu, Machi, mvua. Nilifunua mapema.
Imebonyea. Kata mbili, umande.
Imeliwa yote.”