Mpini wa Ufagio

Ghorofa ya nne, juu ya kichwa changu,
Bogumiła alivua viatu vya kiwandani,
akavaa vile vyenye kisigino,
kisha akaishusha sindano juu ya santuri
polepole, kama mtu anayemlaza mtoto
huku akiomba asilale.

Halafu: du, du, du, du.
Mapigo manne, hayapandi, hayashuki,
na juu yake fidla zinakimbizana
kama wasichana waliotoka zamu ya usiku.
Chai ikatetema kikombeni.
Mwaka ulikuwa sabini na tisa, Łódź ina theluji
hadi madirishani, nyama inapangiwa foleni,
na mwanamke yule huko juu anacheza
kana kwamba ameahidiwa kitu.

Nikachukua ufagio. Nikagonga dari.

Karakanani niliwaambia wenzangu:
ngoma ikivuma sana hupasuka.
Hii disko ni homa, itapita na baridi.
Maneno yenyewe nini? Njoo. Usiende. Njoo tena.
Mtoto wa chekechea angetunga zaidi.
Ikaja mitindo mingine, yenye hasira, yenye nywele,
ikaja serikali nyingine, zikaja noti nyingine,
kiwanda kikafungwa, mitambo ikauzwa kwa kilo,
ukumbi wa kufumia ukawa duka la simu.
Juu ya kichwa changu: du, du, du, du.
Na mimi: ko, ko, ko, ko.

Miaka arobaini na minne. Mipini sita.
Dari yangu ina shimo dogo la duara,
kama kitovu.

Ni marehemu Genowefa, mke wangu, aliyenifumania.
Alikuwa akimenya viazi. Akasema bila kuinua macho:
"Wacław, mwenye hasira hagongi kwa mpigo."
Nikautazama mguu wangu wa kulia.
Kisigino kilikuwa kinapanda, kinashuka,
chenyewe, bila ruhusa ya mwenye nyumba.

Mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya kufumia.
Nilisikia mashine mia mbili zikipiga pamoja,
na sikio langu lilijua
ipi imechelewa kwa unywele mmoja.
Pale hatukucheza. Mapigo yale yalikuwa ya kiwanda,
yalihesabu mita, yalikula vidole.
Kumbe kuna mtu, sijui katika ukumbi gani wenye giza,
aliyeyachukua mapigo hayohayo
akayafunga njuga, akayavisha hariri,
akatuambia: haya, sasa ni yenu, Jumamosi.

Labda ndiyo maana haikupasuka.
Ngozi yake ni sisi.

Machi hii mkono wangu wa kulia ulilala, haukuamka.
Ufagio uko pembeni ya jiko, unafagia tu.
Jumamosi ya kwanza santuri ililia, mimi kimya.
Ikakatishwa katikati.
Ya pili hivyohivyo: sindano juu,
na kimya cha mtu aliyetega sikio sakafuni.

Ya tatu, hodi.
Bogumiła mlangoni, miaka sabini na mitatu,
amekumbatia gramafoni kama bata mzinga wa Krismasi,
anahema kwa ngazi kumi na nane.
Hakunipa pole. Alisema,
"Bila wewe wimbo una pengo."
Akaiweka juu ya meza ya viazi.
Akavua ndara, akavaa vile vyenye kisigino.

Mkono wangu wa kushoto haukuwahi kusomeshwa.
Unagonga ukingo wa kitanda
nusu pigo nyuma, kama mashine ambayo zamani
ningeizima na kuifungua.
Yeye anacheza. Ananisubiri nifike, anacheza tena.

Saa nne usiku, kutoka ghorofa ya pili,
kijana aliyehamia juzi
anagonga dari yake.

Tunasikiliza.

Yumo.