Kilo Saba na Nusu

Shaba iliyochomwa hainuki shaba.
Inanuka mpira, nywele, usiku wa mtu.
Pua yangu ina miaka kumi na tisa langoni
mwa yadi ya vyuma chakavu ya Zygfryd, mjini Bytom,
na pua haidanganywi kwa neno "nimeokota."

Ukutani nimebandika karatasi:
Kitambulisho kwanza. Picha ya mzigo, picha ya uso.
Nyaya za reli hatununui.
Vifuniko vya mitaro hatununui.
Herufi za makaburini,
hapo kalamu ilinikwama, nikaandika tu: Usithubutu.

Jumatatu ile, theluji imegeuka tope,
treni ya alfajiri ya kwenda Gliwice
ilikwama gizani hadi kukapambazuka.
Taa za ishara zilikufa zote mara moja.
Ndani alikuwemo dada yangu Hildegarda,
figo zimemgomea, anakwenda kusafishwa damu,
amekumbatia mkoba, anahesabu vituo visivyokuja.

Saa tatu asubuhi kikaja kigari cha mtoto,
magurudumu manne, moja linalia,
na anayekisukuma ni Alojzy
aliyeshuka mgodini pamoja na baba yangu
hadi mwaka ule mgodi ulipofungwa
na lifti yake ikauzwa kwa kilo.
Sisi ndio tulioinunua. Stakabadhi ninayo.

Akafunua blanketi.
Shaba imejikunja mle, imepakaa masizi,
ncha zake bado zina alama za meno ya msumeno.

"Imetoka wapi?"
"Kwa shemeji. Anabomoa banda."
"Shemeji ana reli bandani?"
Akacheka. Mimi sikucheka.
Nilimwona anavyoitazama mizani,
kama mwenye njaa atazamavyo sahani ya mwenziwe.

"Usiponunua wewe, atanunua Teofila."
Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililoniuma.
Tuna kamera saba, mbwa mmoja kiziwi,
seng'enge juu ya ukuta:
vyote vinalinda kilichokwisha kuingia.
Lakini wizi hauishi ukutani, unaishi kaunta.
Pasipo mkono wa kupokea
mkono wa kuiba huchoka wenyewe.

Na Teofila hatujasemezana miaka sita,
tangu ule ugomvi wa winchi.
Nikainua simu, ulimi mzito kama risasi.
"Anakuja na kigari cha mtoto," nikasema. "Usipime."
Kimya. Nikamsikia akivuta sigara.
Kisha: "Nitamwambia na yule wa Miechowice."
Akakata, bila kwaheri, bila kunisamehe.

Siku nzima gurudumu lile lililia mjini.

Jioni nikifunga daftari, Alojzy akarudi.
Kigari kitupu. Viatu vimeloa hadi vifundoni.
Shaba ameipeleka wapi, sikuuliza.
Kesho yake mafundi wa reli waliikuta
chini ya nguzo ya ishara, imefungwa kamba vizuri,
kama sufuria ya jirani inayorudishwa imeoshwa.

"Na hiki?" akasema, akikigonga kigari kwa goti.
"Hiki changu. Nimelea wawili humu."

Sheria ni sheria. Kitambulisho. Picha ya mzigo.
Picha ya uso: alivua kofia, akajinyoosha,
akalowesha nywele kwa mate
utadhani anapigwa picha ya harusi.
Nikamwambia avue mpira na kitambaa,
chuma hakipimwi na nguo zake.
Akatoa kisu, akafumua mshono kwa mshono,
kitambaa akakikunja, akakitia kifuani, ndani ya koti.

Nikapandisha. Kilo saba na nusu.
Bei ya mkate mmoja, na chenji ya kiberiti.
Akatia sahihi palipoandikwa Mali yangu halali,
akabonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Mizani ilitulia upesi.
Mimi ndiye niliyekawia kuandika.