Sifuri ni Dari

Kwenye kompyuta yangu sifuri si mwanzo wa kuhesabu.
Ni dari. Sauti zote zinaishi chini yake:
hasi ishirini, hasi kumi na mbili, hasi sita,
na juu ya dari hakuna namba iliyozaliwa.

Mama Kabugho nilimpimia akiongea.
Alisimulia bei ya kahawa, goti lake,
na jinsi Kyarumba walivyoitana
mlima hadi mlima, kabla ya simu.
Mshale ukacheza kwenye kijani. Nikaridhika.

Nikasema: Mama, sasa ita kama zamani.
Akasimama. Akafunga leso upya.
Akageukia ukingo wa ng'ambo,
akaita: Thembo-o-o!

Mbuzi waliacha kutafuna.
Taa nyekundu iliwaka, ikakataa kuzima.

Usiku, Kasese mjini, chumbani kwangu juu ya duka la spea,
nikalikuza wimbi kwenye kioo.
Vilima, vilima, kisha
pale jina lilipopanda,
meza.
Bapa kama ua lililopitiwa na panga.
Kilele hakipo. Imebaki kelele,
bati linaloparurwa kwa msumari.

Nikashusha sauti. Wimbi likashuka na ubapa wake.
Aliyenyolewa haoti nywele kwa kuinama.

Ipo programu ya kushona vilele:
hutazama bega la huku na bega la kule,
halafu hukisia kichwa.
Niliijaribu. Ikatoka sauti laini, nzuri,
ya mwanamke ambaye hajawahi kupoteza mtu.

Asubuhi nikapanda bodaboda kurudi,
safari hii kitufe nimekishusha mno,
nafasi ya kupigia ukelele wa kijiji kizima.
Mara moja tu, Mama.
Alikuwa anatandaza kahawa kwenye turubai.
Hakuinua uso.
"Kwani Thembo ni kiziwi?
Jana nimemwita. Amesikia."

Tukishuka, ukungu ulikuwa umeukata mlima kifuani.
Dereva hakuuliza umebaki mrefu kiasi gani.
Alizaliwa hapa; anajua
unapoishia.

Mimi sikuzaliwa hapa. Nimefungua faili tena,
nimevaa visikizio, nimefika kwenye ile meza,
nimepita juu yake na kurudi, na kurudi.
Kisha nikaandika jina lake:
*Mwito wa kwanza. Umekatika juu. Usifutwe.*